KOO LIKIUMA, JE, UNATIBU NINI?

Mficha uchi hazai, kwa hivyo sifichi. Mwaka jana mwezi wa Julai, baridi ya Muthangari ilipopamba moto, koo lilinianza siku tatu kabla ya mdahalo wa chama chetu. Nikanunua vidonge vinne dukani, nikameza viwili, viwili nikampa jirani yangu wa dawati. Mwalimu wa Biolojia alipotuona aliuliza, "Mnajua mnatibu nini?" Tukabaki kimya. Haya ndiyo niliyojifunza baadaye.

Kwanza, virusi. Hivi ndivyo husababisha koo nyingi kuuma. Dalili ni makamasi, kikohozi na sauti kukwaruza. Antibiotiki haziui virusi hata kidogo. Pumzika, kunywa maji ya uvuguvugu, sukutua kwa maji ya chumvi.

Pili, vumbi, moshi wa jiko, moshi wa magari pale Waiyaki Way, sigara, na kupiga mayowe uwanjani.

Tatu, mzio. Mtu akila karanga au akiumwa na nyuki, kisha midomo na koo vivimbe ghafla na pumzi ziwe taabu, hospitali mara moja! Hapo si mchezo.

Nne, bakteria aitwaye streptokoka. Huyu huja na homa, kumeza kwa shida, tezi za shingo kuvimba na madoa meupe kooni, mara nyingi bila kikohozi. Asipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili yaweza kugeuka na kuushambulia mwili wenyewe: viungo huvimba, na vali za moyo huharibika, pengine maisha. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, nayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Yaani sisi na wadogo zetu!

Tiba yake ni penisilini: sindano moja, au vidonge kwa siku 10. Ole wako ukiacha siku ya tatu eti koo limepoa.

Na kilimi je? Wengine humkata mtoto kilimi wakidhani ndicho chanzo. Jamani, kilimi hakina hatia. Kukikata huleta kuvuja damu na pepopunda.

Wenzangu, vidonge viwili vyangu havikutosha kutibu chochote, na vya jirani vilikuwa vile vile. Muone daktari kwanza, kisha umalize dozi. Moyo hauna spea.