Wageni wa Harusi kutoka Ng'ambo

Swali: Harusi itafungwa ufukweni Zanzibar, na wageni wengi watatoka Uingereza. Wikiendi ipangweje?

Jibu: Tarehe huamuliwa kwanza na mvua. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Juni hadi Oktoba ni kipindi kikavu. Mwezi wa Ramadhani nao uepukwe.

Kinachosahaulika zaidi ni maji kupwa. Paje na Jambiani bahari hurudi nyuma mbali sana, ikaacha mchanga mtupu na mashamba ya mwani. Isitoshe, pwani hiyo inatazama mashariki: anayetaka picha za jua likizama baharini aende Kendwa, ambako maji hayatoki mbali. Saa ya maji kujaa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya Ijumaa haifai Jumamosi.

Mialiko itangulie miezi kadhaa, ikieleza viza na bima ya safari, ambayo Zanzibar imeilazimisha kwa wageni wa kigeni tangu Oktoba 2024. Anayepitia Dar es Salaam huvuka kwa boti kwa muda wa saa mbili hivi. Ijumaa iwe ya mapumziko na matembezi Mji Mkongwe. Sherehe ibaki Jumamosi.