Rangi Zina Majirani na Mahasimu

Katika sarufi tulifunzwa kuwa ni rangi tatu tu zinazochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema shati jeupe, kiatu cheusi, vitambaa vyekundu. Nyingi kati ya zilizobaki zimeazimwa kutoka kwa vitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, na sweta nyingi za shule zina rangi iitwayo damu ya mzee. Tena kisutu, ile leso ya maharusi wa pwani, ina rangi zizo hizo tatu za mwanzo. Basi nimeona chama chetu hakitapotea njia kikizungumzia rangi, hasa rangi za nguo.

Chukua karatasi uchore duara, uligawe mara sita kama chapati. Andika kwa kufuatana: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau. Isaac Newton alichapisha duara lake la rangi mwaka 1704, ingawa hili letu ni la wachoraji. (Mwalimu wa fizikia akikuambia rangi za msingi ni nyekundu, kijani na buluu, usibishane naye. Yeye anazungumzia mwanga.)

Rangi zinazokaa bega kwa bega ni majirani, nazo hupatana: manjano na kijani, kwa mfano. Zinazotazamana ni mahasimu: nyekundu na kijani, chungwa na buluu, manjano na zambarau. Nyeupe, nyeusi na kijivu ziko nje ya duara, hazina ugomvi na yeyote. Kaki na buluu iliyokolea sana nazo zina tabia hiyo hiyo ya upole.

Sasa sikiza kisa cha Mfaransa mmoja, Michel Chevreul. Mwaka 1824 alipewa kazi ya kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Chevreul, ambaye alikuwa mwanakemia, akazipima akakuta rangi ni nzuri kabisa. Kumbe zilikuwa zimefumwa karibu na buluu na zambarau, na jirani ndiye aliyeziharibia sura! Mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo: rangi mbili zikikaribiana, kila moja hubadilisha jinsi jicho linavyoiona nyingine. Ukitaka kuhakikisha, kazia macho kitambaa chekundu kwa nusu dakika, kisha tazama ukuta mweupe. Utaona kivuli cha kijani kilichoegemea samawati.

Hapa nina neno la kusema. Kuna msichana bwenini kwetu ambaye aliacha kuvaa blauzi yake ya manjano kwa sababu aliambiwa ati yeye ni mweusi mno. Ilikaa sandukuni muhula mzima, na nguo za nyumbani alikuwa nazo mbili tu. Jamani! Kwa kanuni ya Chevreul, kitu chenye mwanga kikikaa kando ya kitu cheusi, chenye mwanga huzidi kung'aa na cheusi huzidi kukolea. Manjano juu ya ngozi nyeusi ni pambo kamili, na aliyemwambia vile hakujua duara wala hakujua urembo. Jumamosi iliyopita aliivaa na sketi ya buluu iliyokolea, akapendeza.

Mimi nina sketi mbili, moja ya buluu iliyokolea na moja ya kijani, na blauzi tatu: nyeupe, manjano, nyekundu. Hesabu ni 2 mara 3, mavazi 6. Matano hayana shida. La sita, nyekundu na kijani, ni mahasimu wenye nguvu sawa, nao hupigiana kelele. Lakini si lazima uwatenganishe. Mnyime mmoja nafasi: vaa sweta ya kijivu juu, nyekundu ichungulie shingoni tu. Au tafuta blauzi ya damu ya mzee, ambayo ni nyekundu iliyotulizwa.

Kwa wenzetu wa kidato cha nne ambao karibuni watavua sare moja kwa moja, na wana pesa za nguo moja tu ya mitumba: nunua sketi au suruali ya rangi pole. Itakubaliana na kila blauzi au shati ulilo nalo. Ile ya chungwa iliyokuita kutoka mbali itakubaliana na mbili, pengine moja. Na kabla ya kulipa, itoe nje ya kibanda uitazame juani. Chini ya turubai la buluu kila kitu hupata ubuluu, na kijivu uliyochagua yaweza kuwa kahawia ukifika nyumbani.