Mti wa Mwavi: Sumu Yake na Hukumu Yake

Mwavi ni mti mkubwa wa jamii ya kunde, ndugu wa mkwaju. Jina lake la kitaalamu ni Erythrophleum suaveolens, na huota kuanzia Senegali mpaka pwani yetu na Msumbiji. Mbao zake ni ngumu sana.

Ndani ya mti huu mna alkaloidi. Wanafunzi wa Kiarabu watafurahi kujua kwamba asili ya neno hilo ni al-qali, majivu ya mimea yaliyotumika kutengenezea sabuni. Alkaloidi ni kemikali za mimea zenye naitrojeni, na nyingi zina nguvu kubwa mwilini hata zikiwa kidogo. Kwinini ni alkaloidi, na kafeini ya chai tunayokunywa kila asubuhi pia. Za mwavi, mojawapo ikiitwa kasaini, zimo katika gome, mbegu na majani. Kwa hiyo hata mifugo ikila majani hufa.

Kasaini huuendea moyo. Kila chembe ya moyo ina mfano wa pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Sumu hii huizuia pampu hiyo, mapigo yakavurugika, pumzi ikawa nzito, na mwisho moyo husimama. Pia huleta matapishi, na hapo ndipo penye siri ya kile kiapo cha zamani.

Katika nchi nyingi za Afrika, mtu aliyetuhumiwa uchawi au wizi alinyweshwa maji ya gome hili. Akitapika, wakasema hana hatia. Akifa, wakasema ni mchawi. Tazameni basi: aliyetapika alitoa sumu tumboni kabla haijaingia katika damu, asiyetapika ikamuua. Mwizi mwenye tumbo jepesi alipona, na mama mwema akazikwa kwa jina baya, watoto wake wakabaki na aibu. Tena ukali wa dawa ulikuwa mkononi mwa aliyeitengeneza. Akiwa na chuki, au amepewa kitu, nani angemjua?

Baadhi ya vijana huuliza: je, si kiapo kama viapo vingine? Tunasema sivyo kabisa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu hawapewi haki kwa madai matupu: mdai alete ushahidi, na anayekana ale yamini kwa jina la Allah. Hakuna sumu hapo. Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kujiua. Anayemnywesha mwenzake mwavi anabeba damu yake, na hawezi kusema kuwa mti ndio uliohukumu.

Wapo pia wanaochemsha gome hili kama dawa ya maumivu. Wazazi, tunawasihi msiwape watoto. Kipimo kinachosemekana kutibu hakiko mbali na kinachoua, na jikoni hakuna mizani ya kuvitenganisha. Ikitokea mtu amekunywa, asingojewe atapike. Apelekwe hospitali saa ile ile, na kipande cha gome au jani kichukuliwe ili daktari akione.