Kitongoji Ni cha Mji Upi?

Kitongoji ni makao madogo yaliyo kando ya mji mkubwa na kuutegemea kwa mambo mengi. Mahali penye mji mkubwa mmoja tu, maana hiyo haina taabu. Asubuhi watu huingia mjini kufanya kazi, jioni hurudi makwao, na kila mtu ajua mji upi ndio mkubwa na upi wautegemea mwenziwe. Lakini ziko sehemu za dunia ambako miji mikubwa miwili, mitatu au zaidi imekua karibu karibu, hata nyumba za mmoja zikakutana na nyumba za mwingine. Huko swali huwa gumu: mji mdogo uliokaa katikati ni kitongoji cha mji upi? Wala si ubishi wa maneno matupu, kwa maana jibu lake hugusa kodi, barabara, nyumba na kazi za watu.

Mfano ulio wazi ni nchi inayoizunguka Ghuba ya San Francisco, katika jimbo la California, Marekani. Nchi hiyo ina wilaya 9 na miji 101, na kila mji una halmashauri yake. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, wakazi wake wote walizidi 7,700,000. Miji mitatu yaipita mingine kwa ukubwa. San Jose, ulioko kusini, ulikuwa na watu 1,013,240. San Francisco, upande wa magharibi wa ghuba, 873,965. Na Oakland, ng'ambo ya mashariki, 440,646.

Jinsi miji ilivyokua

Hapo zamani San Francisco ulikuwa ndio mji mkubwa pekee wa kuhesabiwa. Mwaka 1864 reli iliuunganisha na San Jose. Mwaka 1869 reli iliyovuka bara zima ilifika Oakland, na wasafiri wakawa wanavushwa ghuba kwa vyombo vya maji, mpaka daraja kubwa la magari lilipofunguliwa mwaka 1936. Katika mwaka 1950 San Jose ulikuwa bado mji wa watu 95,280, uliozungukwa na mashamba ya miti ya matunda. Baadaye ulipanua mipaka yake mwaka hata mwaka, mashamba yakageuka mitaa, na hesabu ya mwaka 1990 ikaonyesha ya kuwa umekwisha kuupita San Francisco kwa wingi wa watu. Basi mji ambao baba zao waliuona kuwa mdogo, wana wao waliukuta mkubwa.

Kipimo cha Serikali

Ofisi ya Hesabu ya Watu ya Marekani haina maana rasmi ya neno kitongoji. Iliyopo ni kanuni ya Serikali Kuu ya kuunganisha wilaya na wilaya kwa kuangalia safari za kazi. Wilaya ya kando huhesabiwa pamoja na wilaya za katikati ikiwa, katika kila wakazi wake 100 wenye kazi, angalau 25 hufanya kazi huko katikati. Au ikiwa, katika kila kazi 100 zilizomo ndani yake, angalau 25 hufanywa na watu wanaokaa huko katikati.

Kwa kipimo hicho, San Francisco na Oakland zimewekwa katika fungu moja la wilaya 5, na San Jose katika fungu jingine la wilaya 2. Kisha mafungu hayo, pamoja na mengine ya jirani, yameunganishwa kuwa fungu moja kubwa zaidi, kwa kanuni iliyo nyepesi kidogo kuliko ile ya kwanza.

Kanuni hiyo ina faida, kwa kuwa haiulizi mji una sifa gani, bali yauliza watu waenda wapi. Lakini ina upungufu wake pia, kwa sababu hupima wilaya nzima nzima. Miji ya Fremont na Milpitas imepakana. Fremont, kwa kuwa umo katika wilaya moja na Oakland, huhesabiwa upande wa San Francisco. Na Milpitas, kwa kuwa umo katika wilaya ya Santa Clara, huhesabiwa upande wa San Jose. Majirani wawili waliotenganishwa na mpaka wa wilaya waweza kufanya kazi katika kiwanda kimoja, na bado wakaandikwa katika mafungu mawili.

Mambo ya Milpitas

Mji huo wa Milpitas wafaa kuangaliwa zaidi. Mwaka 1954 wenyeji wake waliufanya kuwa mji wenye halmashauri yake wenyewe, wakati San Jose ulipokuwa ukijitanua kwa haraka. Mwaka 1961 lilipozuka shauri la kuunganishwa na San Jose, walilipinga, na mji ukabaki na mamlaka yake. Kwa ramani ni kitongoji cha San Jose; kwa utawala si mtoto wa mtu.

Mwaka 1955 kampuni ya Ford ilihamishia huko kiwanda chake cha magari kutoka Richmond, mji ulioko kaskazini ya Oakland. Wafanyakazi wazungu walipata nyumba katika mitaa mipya bila shida kubwa. Wafanyakazi weusi walikataliwa katika mitaa mingi, na wengi wao wakalazimika kusafiri mwendo mrefu kila siku ili wasipoteze kazi. Chama cha wafanyakazi wa magari kilisaidia kuanzisha mtaa wa Sunnyhills, ambao nyumba zake ziliuzwa kwa watu wa rangi zote. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba haikupitishwa mpaka mwaka 1968. Hapo yaonekana ya kuwa mahali paweza kuwa kitongoji kwa watu fulani, na kwa wengine pakawa mahali pa kazi tu.

Mkubwa amtegemeapo mdogo

Liko na jambo la kushangaza. San Jose, mji wenye watu wengi kuliko yote, una wakazi wenye kazi wengi kuliko kazi zilizomo ndani yake. Kwa hiyo asubuhi wengi hutoka kwenda miji midogo ya jirani, kama Palo Alto, ambao una kazi nyingi kuliko wakazi wake wafanyao kazi. Katika jambo hili mkubwa ndiye kitongoji, na mdogo ndiye mji.

Matokeo yake ni ya fedha. Katika California, sehemu ya kodi ya bidhaa hurudi kwa mji ule ambamo duka limo. Kwa hiyo halmashauri hupenda kupata maduka na maofisi kuliko nyumba; lakini wafanyakazi lazima walale mahali, na mji walalamo ndio unaogharimia polisi, zimamoto na barabara zao. Kila mji ukiwaachia wenzake mzigo wa kujenga nyumba, nyumba huadimika na kodi zake hupanda.

Hata reli yafuata mipaka hiyo. Reli ya umeme ya mkoa ule ilianza kazi mwaka 1972 kwa fedha za wilaya 3 tu, zilizopiga kura ya kuikubali mwaka 1962. Wilaya ya Santa Clara haikuwamo. Treni haikufika Milpitas wala San Jose mpaka mwaka 2020.

Basi anayetaka kujua kitongoji ni cha mji upi, asitosheke na kuangalia ukubwa wa mji wala umbali wake. Na aulize mambo manne: Watu wake wafanya kazi wapi? Ni nani anayetoza kodi na kuamua mambo yao? Njia zao zaelekea wapi? Na ni nani anayeweza kupata nyumba pale? Majibu yakielekea mji mmoja, kitongoji kina mwenyewe. Yakielekea miji mbalimbali, itafaa miji hiyo ikae baraza moja, kwa kuwa watu wao wamekwisha kuchanganyika, ijapokuwa mipaka ingali imesimama.