SOMO LA UFUNDI: KULITULIZA DARAJA LA GITAA



Gitaa la solo la bendi ya tawi letu lilinunuliwa kwa michango ya wanachama, likiwa limekwisha tumika. Ni la umeme, na daraja lake ni la kuelea, lenye mkono wa chuma wa kuyumbishia sauti. Usiku wa dansi ya kuchangia mfuko wa mazishi, uzi mwembamba ulikatika katikati ya wimbo, na nyuzi tano zilizobaki zikapotea sauti papo hapo. Gitaa la ridhimu likaenda na sauti yake, la solo na yake, na watu wakarudi vitini. Kamati ilipokaa, baadhi yetu tulisema gitaa ni bovu, liuzwe kwa bei yoyote. Halikuwa bovu. Lilikuwa likifanya kazi kama lilivyoundwa, ila kazi hiyo hatukuijua.

Wenzetu wa mashamba ya chai wanaijua mizani ya kuning'iniza. Mzigo unavuta chini, springi ya ndani inavuta juu, na mshale unasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Ukipunguza majani kidogo tu, mshale unahama. Daraja la kuelea ni mizani ya namna hiyo. Nyuzi sita za unene wa kawaida zikiwa zimetyuniwa huvuta kwa jumla ya kilo 45 na zaidi, yaani nusu ya gunia la mahindi. Nyuma ya gitaa, chini ya kifuniko, springi tatu hadi tano huvuta upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linarudi nyuma, na nyuzi nyingine zinakazika na kupanda sauti. Hata kuukunja uzi mmoja kwa kidole hulegeza zile nyingine.

Mtambo wa springi za nyuma ulienea kwa gitaa la Stratocaster, lililotolewa na kampuni ya Fender huko Marekani mwaka 1954. Baadaye fundi Floyd Rose alitengeneza daraja linalozibana nyuzi pande zote mbili, akapewa hataza mwaka 1979. Ni kazi ya akili sana, na anayetaka kuiangusha sauti hadi nyuzi zilegee kabisa anaihitaji. Sisi tunapiga rumba. Magitaa yetu mawili hujibizana usiku kucha, na la kwanza tunalolidai ni kwamba yapatane.

Basi tulifanya hivi. Tulifungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi. Ndani utaona tofali la chuma linaloning'inia kutoka kwenye daraja, na springi zinazotoka hapo kwenda kwenye bamba la kulabu lililoshikwa na skurubu mbili upande wa shingo. Kwanza sawazisha daraja: tyuni nyuzi zote, kisha litazame kwa ubavu. Likiwa limeinuka nyuma, kaza skurubu za bamba nusu mzunguko. Likiwa limezama, legeza. Tyuni tena, tazama tena. Kazi hii inachosha, kwa sababu kila ukigusa kimoja vyote vinahama. Sisi ilituchukua karibu jioni nzima. Usiiruke, maana kabari italishika daraja palepale litakapokuwa, hata kama ni mahali pabaya.

Daraja likitulia sambamba na mwili wa gitaa, pima nafasi mbili: kati ya tofali na ukuta wa mbao upande wa mkia, na kati ya tofali na ukuta wa upande wa shingo. Nyuzi hulisukuma tofali kuelekea mkia, springi hulivuta kuelekea shingo. Kwa hiyo kabari mbili zinatakiwa, moja kila upande, na ile ya upande wa springi ichongwe ipite bila kuzigusa. Tumia mbao ngumu iliyokauka vizuri. Sisi tulipata kipande cha mvule kwa fundi seremala wa kiwanda. Mbao mbichi itanywea, na baada ya miezi michache daraja litaanza kucheza upya. Kata kabari nene kidogo kuliko nafasi, kisha ipunguze kwa msasa mpaka iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Nyundo hapana! Kabari ya kulazimishwa hulihamisha daraja na yaweza kupasua mwili wa gitaa.

Hapa ndugu mmoja alipendekeza tuzitoe springi zote, kwa kuwa hazina kazi tena. Mafundi wa umeme walimzuia, nao walikuwa na haki. Kwenye bamba la kulabu umelehemiwa waya wa ethi, na ethi hiyo hufika kwenye nyuzi kwa kupitia springi. Ukizitoa, ampulifaya itavuma hata mpigaji anapozishika nyuzi. Ziache mahali pake.

Palikuwa na ubishi wa pili, mkubwa zaidi. Wengine walitaka gundi na skurubu, jambo liishe. Mpiga solo wetu, kijana wa idara ya kufungasha, alikataa. Alisema leo tunapiga rumba, lakini atakayelishika gitaa hili baada yake huenda akautaka ule mkono. Gitaa ni la wanachama wote, hata wasioajiriwa bado. Tulimkubalia, hatukutoboa tundu hata moja. Tanzania, ambako chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake ya NUTA Jazz tangu mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama, wanamuziki wakija na kuondoka.

Tulipomaliza, tulifanya jaribio mbele ya kamati. Tulityuni nyuzi zote, kisha tukaulegeza uzi mwembamba mpaka ukaning'inia. Mpiga ridhimu akapiga noti zake, na mpiga solo akajibu kwa nyuzi tano zilizobaki. Hazikuwa zimehama. Mkono wa chuma tumeufunga kwa kitambaa na kuuweka ndani ya sanduku la gitaa, na katibu ameuandika kwenye daftari la mali ya tawi.