Pamba Nyumba kwa Mitumba na Kazi ya Mikono: Ona, Pima, Ndipo Ulipe

Kuna zile picha za nyumba ndogo za mashambani Uingereza ambazo zimejaa kwa simu zetu. Pazia za maua, stuli ya mbao iliyochakaa vizuri, birika la enamel lenye maua ndani yake, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu. Wanaita mtindo wa cottage. Mimi nilizitazama miezi mitatu nikiwa kwa bedsita yangu Kinoo, nikitamani, mpaka siku moja nikashtuka: hii si ni nyumba ya shosho?

Fikiria vizuri. Vitambaa vyeupe juu ya makochi, shosho alivifuma mwenyewe. Vikombe vya enamel vyenye ukingo wa buluu vilikuwa jikoni. Kiondo kilining'inia mlangoni na stuli ilikuwa kando ya jiko. Tulivitoroka tukidhani ni vya ushago, na sasa tunavitamani kwa sababu tumeviona kwa picha za wengine. Habari njema ni kwamba vitu hivi bado viko sokoni na bei yake ni ya mtu wa kawaida.

Habari mbaya ni kwamba mimi nilianza kwa kupoteza pesa. Wacha nikueleze ilivyokuwa, ndiyo wewe usipitie hapo.

Shilingi 2,500 zilivyoenda

Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Nyeri kuona ninapoishi, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na wiki nne na shilingi 6,000 nilizokuwa nimeweka kidogo kidogo. Usiku mmoja nikaona kabati dogo la mbao kwenye ukurasa mmoja wa mitandao. Lilikuwa zuri ajabu. Muuzaji akaniambia kuna watu wengine wawili wanalitaka, nitume 2,500 za kulishikilia, zingine nitalipa likifika. Akanipa nambari ya simu ya kawaida. Jina lililotokea kabla sijaweka PIN halikufanana na jina la ukurasa. Nililiona kabisa, nikajiambia labda ni la mke wake.

Asubuhi nambari ilikuwa imezimwa na ukurasa umenifungia.

Nilipiga huduma kwa wateja, lakini usiku mzima ulikuwa umepita na pesa zilikuwa zimeshatolewa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulielewi. Kurudisha muamala kuko kwa ajili ya pesa zilizokwenda kwa nambari isiyo sahihi, na hata hapo kunafaulu zaidi ukiripoti mara moja, kabla mpokeaji hajazigusa. Ukimtumia mtu pesa kwa hiari yako ili akuletee kabati, kwa mfumo huo ni muamala uliokusudia. Umeibiwa, ndiyo, na unaweza kupiga ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala. Lakini hakuna kitufe cha kukurudishia.

Nikabaki na 3,500. Ndizo zilizopamba nyumba.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujatoka

Kabla hujaenda sokoni, keti na karatasi. Andika vitu unavyohitaji kwanza, kisha unavyovitamani. Vyangu vilikuwa pazia, mahali pa mgeni kukaa, mahali pa kuweka vyombo, na kitu cha kupendeza macho.

Halafu pima. Kama huna futi ya fundi, chukua uzi, uvute kutoka mwisho mmoja wa dirisha hadi mwingine, ukate. Huo uzi beba nao. Kwa pazia, upana wa vitambaa vyote ukiunganishwa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu wa reli, ndipo pazia lipate mikunjo. Ukinunua upana sawa na dirisha, litakaa kama shuka lililotundikwa.

Kisha tenganisha pesa. Kama laini yako ina akaunti ya akiba, weka hapo bajeti yote na uhamishe tu ya siku hiyo. Mimi nilienda sokoni mara mbili, kila siku na salio la safari hiyo pekee. Ukiwa na 1,500 kwa simu, kile kioo cha 2,800 hakitakusumbua. Na simu ikipotea kwenye msongamano, hasara ina mpaka.

Hatua ya pili: sokoni, angalia kwa mikono

Nairobi kuna Gikomba na Toi kwa mitumba, na Kariokor kwa vikapu na viondo. Mombasa kuna Kongowea, Kisumu kuna Kibuye. Fika asubuhi, wakati belo zinafunguliwa. Vile vya daraja la kwanza, wenyewe wanaviita kamera, huchaguliwa mapema na huuzwa bei juu. Lakini kwa kazi yetu hatuhitaji kamera. Shiti lenye tundu pembeni bado lina mita nzima ya kitambaa kizuri.

Angalia mambo haya:

*Kitambaa.* Kinyooshe kwenye mwanga. Kama kinaonyesha upande wa pili kama chujio, kimechoka. Pamba ni rahisi kushona na inavumilia maji moto.

*Mbao.* Geuza stuli juu chini. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unaodondoka, kuna wadudu wanaokula mbao, iache. Miguu ikitikisika hiyo si shida, gundi ya mbao itatosha.

*Kunguni.* Washa tochi ya simu, chunguza viungo vyote na mishono. Vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga ni dalili mbaya. Hata usipoviona, vitambaa vyote viende moja kwa moja kwa maji moto, vikauke, vipigwe pasi. Stuli tupu ya mbao, imwagie maji yanayochemka kwenye viungo ukiwa nje. Kuanika juani peke yake hakutoshi.

*Mbao za paleti.* Watu wengi wanazigeuza meza. Tafuta muhuri uliochomwa pembeni. HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, na hiyo ni sawa. MB maana yake ilipulizwa dawa ya methyl bromide, hiyo usiiingize ndani.

*Enamel.* Birika au kikombe kilichobanduka ndani usinywee. Kitumie kama chungu cha maua.

*Rangi ya zamani.* Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Kama hujui kitu kilipakwa lini, usikikwangue kikiwa kikavu. Chagua kisicho na rangi.

Hatua ya tatu: kazi tatu za wikendi

*Foronya isiyo na zipu.* Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata kitambaa chenye upana wa sentimita 43 na urefu wa sentimita 100. Kunja na ushone pindo la sentimita moja na nusu kwenye zile ncha mbili fupi. Laza kitambaa, upande mzuri ukiangalia juu. Kunja ncha zote mbili kuelekea katikati mpaka ubaki na mraba wa sentimita 40, ncha moja ikilalia nyingine. Shona pande mbili zilizo wazi, ukiacha sentimita moja na nusu kila upande. Geuza nje. Sindano ya mkono inatosha. Mimi ndani nilijaza sweta kuukuu zilizokatwa vipande vidogo.

*Stuli mpya kutoka stuli ya zamani.* Ioshe kwa sabuni, iache ikauke siku mbili. Piga msasa kufuata mistari ya mbao, kamwe usikate mistari. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Paka vanishi nyembamba, subiri ikauke, piga msasa laini kidogo, paka tena. Mipako miwili myembamba inashinda mmoja mnene unaotiririka. Fanya kazi hii nje na ufunike pua.

*Mikebe ya maua.* Chukua mkebe wa maziwa ya unga, toboa matundu matatu chini kwa msumari, paka gundi nje na uzungushe kamba ya katani kutoka chini hadi juu. Mmea wenyewe omba jirani. Ule wa majani yanayotambaa hukubali kukatwa, ukaweka mizizi kwenye glasi ya maji, kisha ukapandwa. Haugharimu kitu.

Na kama umepanga, tafadhali weka nyundo chini. Soma mkataba au muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta au kupaka rangi, kwa sababu matundu hayo yanaweza kukatwa kwenye depoziti yako siku ya kuhama. Mimi nilitundika kiondo na picha kwenye vyuma vya dirisha kwa kamba ya katani. Hakuna msumari hata mmoja.

Hatua ya nne: lipa mwisho

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Mpangilio ni huu: ona, shika, kubaliana bei, ndipo utoe simu.

1. Uliza kama muuzaji ana nambari ya Till. Kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada akilipa kwa Till, ilhali kutoa pesa kwa wakala kuna ada. Pia unabaki na ujumbe wenye jina la biashara, kiasi, saa na nambari ya muamala.

2. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Lisome kwa sauti kama lazima: "Ni wewe fulani?" Likitofautiana, simama. Kama kuna maelezo ya kweli, muuzaji aliye mbele yako atakupa. Usimtafutie maelezo wewe, kama nilivyofanya mimi na "labda ni mke wake".

3. Weka PIN ukiwa umeziba kwa mkono. Usimpe mtu simu akusaidie kulipa, hata awe na haraka gani.

4. Mngojee muuzaji apate ujumbe wake, na wewe uangalie wako. Usiufute.

Na mtandaoni je? Wapo wauzaji wengi waaminifu mtandaoni. Lakini tarajia mambo mawili. Mwambie apige picha ya kitu hicho kikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Asiyekuwa nacho atapata shida kufanya hivyo. Pili, pendekeza kulipa kikifika na ukikiona. Akikataa yote mawili, halafu akuambie kuna watu wengine wawili wanakingoja, waachie hao watu wawili. Haraka ndiyo bidhaa anayokuuzia.

Na ukishatuma kisha ukahisi kuna kitu hakiko sawa, usingoje asubuhi. Piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo kwa nambari rasmi. Usitumie nambari uliyotumiwa na mtu. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza PIN yako.

Hesabu yangu

Pazia mbili za maua, 500. Shiti la kukata foronya, 150. Stuli mbili, 600. Kreti la mbao la kuwekea vyombo, 200. Birika la enamel lililobanduka, 250. Kikapu, 450. Msasa, 80. Vanishi, 350. Kamba ya katani, 100. Nauli za safari mbili, 400. Jumla ni 3,080.

Zile 420 zilizobaki nilinunua unga wa chapati, maziwa na majani.

Mama alifika Jumamosi saa nane. Alisimama mlangoni akatazama pande zote kabla ya kuvua viatu. Akakaa kwenye stuli, akaipapasa chini kwa vidole kama anayekagua, akauliza, "Hii ulitoa wapi? Imefanana na ya cucu yako." Nikamwambia Gikomba, mia tatu. Akacheka. Kisha akafungua mkoba wake akatoa vitambaa viwili vyeupe vilivyofumwa, akasema vimekaa kwa kabati miaka mingi kwa sababu alidhani mimi siwezi kuvitaka.

Kimoja kiko juu ya kreti sasa. Kingine kiko chini ya birika.

Kuhusu lile kabati la 2,500, nilimwambia pia. Sikutaka, lakini aliniuliza kama naweza kumtafutia kochi mtandaoni, ameona moja zuri, na muuzaji anataka depoziti leo leo kwa sababu kuna mwingine analitaka.

Kama una mzazi, shangazi au jirani aliye na simu na anayependa vitu vizuri, mweleze somo hili leo. Ona, pima, ndipo ulipe.