Mwenye Kurudi Kwao na Haki ya Masahibu wa Zamani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, Mwenye kuzigeuza siku baina ya watu; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyetolewa katika mji wake kisha akarudishwa, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Watu wa pwani ni watu wa safari tangu zamani. Wazee walikwenda Arabuni kwa pepo za kusi wakarudi kwa kaskazi, na leo watu huenda kwa ndege kutafuta kazi, biashara na elimu. Na aliyekaa mbali miaka mingi hakosi siku moja kupakumbuka kwao. Shauku hiyo haina aibu. Masahaba walipohamia Madina walishikwa na homa, na Bilal akawa akiyataja mabonde ya Makka na majani yake kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) hakumlaumu, bali alimwomba Mola awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Walakini kurudi kuna adabu zake na kuna madeni yake, na wengi hurudi wasiyajue hayo.

MFANO WA MWENYE KURUDI

Na uchukuliwe mfano wa mtu wa Mombasa, aliyeondoka hali ya kijana kabla ya 1980, zama ambazo mwenye kuvuka kwenda Nyali alipita juu ya daraja lenye kuelea majini, lililofunguliwa 1931. Amekaa Arabuni miaka 40 na zaidi, na sasa anarudi mzee. Daraja lile halipo. Badala yake pana la saruji, lililofunguliwa 1980. Ngomeni, ambako baba yake alipajua kuwa ni jela mpaka 1958, pamekuwa makumbusho ya watalii. Msikiti wa Mandhry ungali pale pale katika Mji wa Kale, walakini baraza aliyokuwa akikaa na wenziwe baada ya sala ya Isha imezibwa, na mahali pake pana duka la simu. Nyumba ya baba yake imeuzwa na jamaa zake, na wanakaa humo watu asiowajua.

Akauliza khabari za masahibu zake wanne. Wawili wamekwisha kufa. Wa tatu alikuwa mshirika wake katika mashua ya kuvulia samaki. Naye huyu msafiri ndiye aliyeiuza mashua hiyo usiku wa kuamkia safari, akaondoka na thamani yote, wasisemezane tena. Wa nne ni fukara. Alimwona kwa mbali amevaa kanzu njema, akakata kichochoro ili asionekane.

Mzee yule akarudi chumbani alikopanga, akakaa akihesabu: nyumba imekwenda, baraza imekwenda, wenzi wamekwenda. Akasema ya kuwa mji huu si mji wake tena. Hesabu yake ilikuwa ya vitu alivyovipoteza tu, wala hakukihesabu hatta kimoja katika anavyodaiwa. Kwake yeye na walio mfano wake, upo mwongozo katika kurudi kwa aliye bora wa viumbe.

KURUDI KWA MTUME (S.A.W.) MAKKA

Mtume (S.A.W.) alitoka Makka mwaka 622, hali ya kutafutwa ili auawe. Akaingia kuifungua mwezi wa Ramadhani mwaka wa 8 wa Hijra, nao ni Januari 630, pamoja na watu 10,000. Wameandika wenye sira ya kuwa aliingia ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu hatta ndevu zake zikakaribia kugusa tandiko la ngamia. Na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa siku hiyo alikuwa juu ya ngamia wake akisoma Suratul Fat-hi. Naye alikuwa na nguvu ya kuchukua kila alichokitaka.

Usama bin Zaid akamwuliza kama atashukia nyumbani kwake hapo Makka. Akamjibu kwa kuuliza kama Akil amewaachia nyumba yo yote. Sababu yake ni kuwa Abu Talib alipokufa walimrithi Akil na Talib, ambao hawakuwa wamesilimu wakati huo, na Ali na Jaafar hawakurithi kitu kwa kuwa ni Waislamu. Kisha nyumba zikauzwa. Basi Mtume (S.A.W.), mwenye mji mkononi mwake, akapigiwa hema upande wa juu wa Makka. Na Abu Ahmad bin Jahsh alitaka nyumba yao iliyouzwa na Abu Sufyan, Mtume (S.A.W.) asimjibu upesi, na watu wakamwambia Abu Ahmad ya kuwa Mtume hapendi wao wairudie mali iliyowatoka katika njia ya Mwenyiezi Mungu. Naye akanyamaza.

Kitu alichokiondosha Mtume (S.A.W.) katika mji ule ni masanamu 360 yaliyokuwa kandokando ya Al-Kaaba. Ama watu, aliwasamehe, na katika hao wamo waliomtoa.

KHABARI YA SAIB

Katika siku hizo za Makka aliletwa kwake mtu aitwaye Saib bin Abi Saib, ambaye kabla ya Utume alikuwa mshirika wake katika biashara. Watu wakaanza kumsifu Saib, naye Mtume (S.A.W.) akawaambia ya kuwa yeye anamjua zaidi kuliko wao. Saib akakiri na kusema ya kuwa Mtume alikuwa mshirika mwema, asiyegombana wala kubishana. Khabari hii imo katika Sunan ya Abu Daud. Na katika mapokezi ya Imamu Ahmad, alimwusia Saib ya kuwa tabia njema alizokuwa nazo zama za ujahili na azitie katika Uislamu: amkirimu mgeni, amtukuze yatima, amfanyie wema jirani.

Na azingatie mwenye akili. Miaka mingi imepita, umekuja Wahyi, vimepiganwa vita, na mji umegeuka. Na neno la kwanza baina ya washirika wawili wa zamani ni kushuhudiana wema. Wala haliwi hilo illa kwa watu walioachana hesabu zao zikiwa safi.

HAKI ZA HAO WANNE

Sasa na arejewe mzee wa Mombasa na masahibu zake.

Ama wawili waliokufa, haki yao ni kuzuriwa makaburi yao na kuombewa dua. Mtume (S.A.W.) alilizuru kaburi la mama yake, akalia na akawaliza waliokuwa pamoja naye, na akaamrisha kuzuru kwa kuwa makaburi hukumbusha mauti. Kisha atazame watoto wao. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichinja mbuzi na kupeleka nyama kwa marafiki wa Bibi Khadija, na hali Bibi Khadija amekwisha kufa zamani. Basi mapenzi ya kweli hayakomi kaburini.

Ama fukara aliyejificha, kisa chake ni katika Sahihi ya Muslim. Abdalla bin Umar alikuwa njiani kwenda Makka, akakutana na bedui. Akamtolea salamu, akampandisha juu ya punda aliyekuwa akimpanda mwenyewe, akamvika kilemba kilichokuwa kichwani pake. Wenziwe wakasema ya kuwa hao ni mabedui, na kitu kidogo huwatosha. Akawajibu ya kuwa baba wa mtu huyu alikuwa rafiki wa Umar, na ya kuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba katika wema ulio mkubwa ni mtu kuwaunga watu aliowapenda baba yake. Ikiwa hii ndiyo haki ya mtoto wa rafiki wa baba, itakuwaje haki ya rafiki mwenyewe? Basi mzee asingoje kufuatwa, wala asitume fedha kwa mkono wa mtu mwingine. Na aende mwenyewe, abishe hodi, akae juu ya mkeka uliopo, anywe kahawa iliyopo, na akitaka kutoa kitu akitoe pasipo watu, katika vile anavyovipenda.

Ama mshirika wa mashua, hapa ndipo penye uzito. Mzee husema moyoni ya kuwa hayo ni mambo ya kale, na kwamba mwenziwe amekwisha sahau. Na ajue ya kuwa deni halizeeki. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kuwa shahidi husamehewa kila dhambi illa deni. Ikiwa aliyemwaga damu yake katika njia ya Mwenyiezi Mungu hakusamehewa deni, atasamehewaje aliyekwenda kutafuta riziki? Na kususiana kwa Waislamu zaidi ya siku tatu si halali, na mbora wao ni yule aanzaye salamu. Na hawa wamesusiana miaka 40. Basi aende kwa miguu yake, atoe salamu, ataje kosa lake kwa ulimi wake pasipo kulipamba, aweke nusu ya thamani ile mbele ya mwenyewe, na aombe radhi. Akikubaliwa, alhamdulillahi. Akifukuzwa, aiache haki mahali pake na avumilie maneno, kwani aliyedhulumiwa ana haki ya kusema. Na lau angalimkuta amekufa, ingalimpasa kuwatafuta warithi wake.

KHATIMA

Mtume (S.A.W.) alipokwisha kuifungua Makka, Maansari waliingiwa na khofu ya kuwa ameshikwa na mapenzi ya mji wake na jamaa zake, na kwamba hatorudi tena Madina. Akawaambia ya kuwa uhai wake ni pamoja nao na kufa kwake ni pamoja nao, nao wakalia. Alikaa Makka siku 19, kisha akarudi Madina, na huko akafariki mwaka wa 11 wa Hijra. Hakuuchukia mji wa kuzaliwa, wala hakuvunja ahadi ya mji uliompokea.

Basi mwenye kurudi kwao na aanze msikitini kwa rakaa mbili, kama ilivyo Sunna kwa atokaye safari. Asiwalaumu watu kwa daraja lililoondoka na baraza iliyozibwa, kwani mawe hayakumwekea ahadi. Na awatafute aliowekeana ahadi nao, kabla khabari yake haijakuwa ile ya wawili waliotangulia. Akisha kufanya hayo, akitaka na akae, na akitaka na asafiri tena. Atakuwa ametoka kwao hali hana mtu wa kumshika kanzu Siku ya Kiyama.

Wallahu aalam. Wabillahi ttaufik.